Sindano ya kila wiki ya kupunguza mwili: namna ya kupanga wiki za kuchoma na wiki za kupumzika

Nakaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Dar es Salaam. Kuhusu Ozempic, Wegovy na Mounjaro, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu bei wala madhara. Ni hili: "Dokta, nichome wiki ngapi, halafu nipumzike ngapi?" Vijana wa gym huja na jibu lao tayari, "nane ndani, nne nje." Mama zao nao wana lao: mwili ukiizoea dawa, dawa inakufa nguvu, kwa hiyo lazima uupumzishe.

Majibu yote mawili si sahihi. Ile hesabu ya nane kwa nne imetoka kwa watumiaji wa steroidi (dawa za kujenga misuli), ambao huacha kwa muda kwa sababu steroidi huzima homoni ya kiume inayotengenezwa na mwili wenyewe. Sindano hizi hazifanyi hivyo. Zimetengenezwa zichomwe kila wiki bila kukatisha, kwa muda ambao daktari anaona zinafaa. Mapumziko yapo, lakini kila pumziko lina sababu yake, tarehe yake ya kuanza na njia yake ya kurudi. Ninaowaona wakiumia wengi hawakuumizwa na kupumzika. Waliumizwa na kurudi: mtu amekaa mwezi mzima bila sindano, akaichukua kalamu ile ile (ndivyo tunavyoiita sindano yenye dawa ndani na namba za dozi za kuzungusha), akazungusha namba ile ile ya juu aliyoachia, na usiku wa pili yuko kwenye dripu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandikiwa dawa na daktari, iwe kwa kisukari cha aina ya pili au kwa unene. Kama unachoshika ni kichupa cha unga cha kuchanganya na maji, kimeandikwa "kwa utafiti tu", kinaitwa BPC-157 au jina jingine lenye herufi na namba, sina ratiba ya kukupa. Dozi yake kwa binadamu haijawahi kuthibitishwa, kwa hiyo anayekupangia wiki za ndani na za nje anabahatisha kwa mwili wako. Na wewe unayekimbia mashindano, uwe Iten, Arusha au kwingineko, jua kwamba BPC-157 imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya vitu vilivyopigwa marufuku tangu 2022.

Nadharia kidogo tu

Peptidi ni mnyororo mfupi wa vijenzi vile vile vinavyojenga protini. Utumbo wako hutoa peptidi iitwayo GLP-1 kila unapokula. Inauambia ubongo umeshiba, inapunguza mwendo wa chakula tumboni na inalisaidia kongosho kutoa insulini. Ile ya asili huishi dakika chache tu ikaisha. Semaglutaidi, iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, imetengenezwa idumu: kiasi kilichomo mwilini hupungua nusu kila baada ya wiki moja hivi. Tirzepataidi, iliyomo ndani ya Mounjaro, hupungua nusu kwa takriban siku 5.

Shika hiyo "nusu kila wiki", maana ratiba nzima imekaa juu yake. Ukiacha semaglutaidi leo, wiki ijayo imebaki nusu, wiki ya pili robo, wiki ya tatu thumni, na mpaka wiki ya tano imebaki kidogo sana. Ndiyo maana ukiruka wiki moja huoni tofauti kubwa, na ndiyo maana ukiruka nne mwili wako unakuwa umeshasahau.

Uwe na nini kabla ya kupanga chochote

- Cheti cha daktari chenye jina la dawa, dozi ya sasa na dozi inayofuata. "Ile ya kalamu" si jina la dawa.
- Daftari au kalenda ya ukutani. Simu ni nzuri, lakini simu huibiwa.
- Mizani moja ile ile, na futi ya fundi cherehani ya kupimia kiuno.
- Kipima sukari na vijiti vyake, kama una kisukari.
- Kipimajoto cha friji. Ni kitu cha bei ndogo na hakuna anayekinunua.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ya kutupia sindano zilizotumika.
- Majina ya dawa zako nyingine zote, hasa insulini, glibenklamidi au glimepiraidi (hivi viwili ni vidonge vya kisukari), na vidonge vya uzazi wa mpango.
- Hesabu ya fedha ya miezi 6. Kama inafika miezi 2 tu, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza, usisubiri ya nane.

Kama wewe au mtu wa damu yako amewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au wewe umewahi kuvimba kongosho, usianze kabla daktari hajalijua hilo.

Hatua 1: Andika ngazi zako

Dawa hizi hupandishwa kidogo kidogo ili tumbo lizoee. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5 kwa wiki 4, kisha 1, kisha 1.7, halafu 2.4. Yaani wiki 16 za kupanda kabla hujafika juu. Ozempic huanza 0.25 hivyo hivyo kwa wiki 4, ikaenda 0.5, na daktari akiona haja hupandisha hadi 1 au 2. Mounjaro huanza 2.5 kwa wiki 4, kisha 5, na baada ya hapo huongezwa 2.5 kwa kila hatua ya wiki zisizopungua 4. Mwisho wake ni 15.

Chora ngazi hizo kwenye daftari, na kila ukichoma andika tarehe, dozi na upande wa mwili. Si lazima ufike ngazi ya juu. Ukiwa kwenye 1 na mambo yanakwenda vizuri, zungumza na daktari mbakie hapo hapo. Watu hupanda kwa sababu jirani amepanda.

Hatua 2: Chagua siku moja ya wiki

Chagua siku usiyoweza kuisahau. Wateja wangu wengi hupenda Ijumaa baada ya swala, au Jumapili jioni kabla ya wiki ya kazi. Mimi nawashauri wanaosumbuliwa na kichefuchefu wachome Ijumaa jioni, ili siku mbili ngumu ziangukie nyumbani.

Ukitaka kuhamisha siku inawezekana, mradi kati ya sindano mbili za semaglutaidi zipite siku 2 kamili au zaidi, na kati ya mbili za tirzepataidi zipite siku 3. Baada ya hapo siku mpya ndiyo siku.

Hatua 3: Tofautisha kusahau na kupumzika

Kusahau si pumziko, kuna kanuni yake. Kwa Ozempic, kama hazijapita siku 5 tangu siku uliyopaswa kuchoma, choma unapokumbuka. Zikipita siku 5, iache hiyo, subiri siku yako ya kawaida. Kwa Mounjaro ni siku 4. Kwa Wegovy angalia mbele: kama sindano ijayo iko zaidi ya siku 2 kutoka leo, choma sasa, kama iko karibu zaidi ya hapo, iruke.

Kosa la kawaida: kuchoma mbili kwa pamoja ili kufidia. Usifanye hivyo hata mara moja. Tumbo halidai deni la wiki iliyopita.

Hatua 4: Taja sababu ya pumziko lako kwa jina

Kama huwezi kuandika sababu kwenye daftari kwa mstari mmoja, basi huna sababu. Hizi ndizo ninazozikubali mimi, na kila moja ina urefu wake.

*Mimba.* Hii ndiyo yenye tarehe kali kuliko zote. Semaglutaidi huachwa angalau miezi 2 kabla ya kuanza kutafuta mtoto, tirzepataidi angalau mwezi 1. Ukitaka kuanza kutafuta mtoto tarehe 1 Septemba, sindano yako ya mwisho ya semaglutaidi iwe kabla ya tarehe 1 Julai. Mpaka hiyo tarehe 1 Septemba ifike, tumia uzazi wa mpango wa uhakika. Na hapa kuna mtego: tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango, kwa hiyo tumia na kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza na kwa wiki 4 kila unapopandisha dozi. Kuna pia wanawake ambao unene ulikuwa umewavurugia siku zao. Uzito ukishuka siku zinarudi sawa, na mimba inaingia bila kuitwa. Ukigundua una mimba, acha sindano na uende kliniki siku hiyo hiyo. Unaponyonyesha pia hazitumiki.

*Upasuaji, au kipimo cha tumbo kwa kamera chini ya dawa ya usingizi.* Dawa hizi hukawiza chakula tumboni, na ukilazwa usingizi tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mwezi Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilisema sindano ya wiki iachwe wiki moja kabla. Mwongozo wa Oktoba 2024 ukalegeza: wengi wanaweza kuendelea, na wenye hatari kubwa zaidi hupewa vinywaji tu kwa saa 24 kabla. Kwa hiyo usijiamulie. Kazi yako ni moja, kumwambia mtaalamu wa usingizi: "Natumia sindano hii, nilichoma mara ya mwisho tarehe fulani." Usiifiche kwa aibu ya kuonekana unapunguza mwili kwa dawa. Nimesikia mtu akisema "situmii dawa yoyote" kwa kuwa kwake yeye dawa ni kidonge.

*Ugonjwa wa kutapika na kuharisha.* Malaria kali, sumu ya chakula, kipindupindu. Ukiwa hushiki maji tumboni usijichome juu yake. Mwili unakauka na figo ndizo zinazolipa. Piga simu kwa daktari, kunywa maji ya chumvichumvi, na usirudi kwenye sindano mpaka umekula kawaida kwa siku mbili tatu.

*Dawa kuadimika.* Semaglutaidi ilikuwa kwenye orodha ya dawa adimu ya Marekani tangu 2022 hadi Februari 2025. Kama huko iliadimika, usishangae ikikosekana kwenye duka la Mwanza au Kisumu. Ulizia kalamu ya pili wakati ya kwanza bado ina sindano mbili.

*Fedha.* Nimeiweka mwisho, lakini kwa wengi ndiyo sababu yenyewe. Watu hukwepa kuitaja, wakasema "napumzisha mwili". Taja tu. Daktari akijua, mnaweza kubaki kwenye dozi ya chini yenye gharama ndogo, au mkahamia dawa nyingine ya kisukari, au mkaacha kwa mpango. Asipojua, utaanza kunyoosha: wiki inakuwa siku 10, siku 10 zinakuwa wiki mbili, na kila ukichoma tumbo linashtuka kama geni. Na msichangie kalamu na dada yako. Hata mkibadilisha sindano, damu inaweza kurudi ndani ya kalamu.

Ramadhani sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kufunga peke yake si sababu ya kuacha sindano ya wiki. Ila usianze dawa wala kupandisha dozi katika mwezi wenyewe. Anza mapema, mwezi mmoja na zaidi kabla, ili kichefuchefu kiwe kimekwisha. Chagua kuchoma baada ya futari, kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na punguza vile vya kukaanga kwa mafuta mengi, maana tumbo linalokwenda polepole na sambusa sita hawapatani. Kama unatumia pia insulini au glibenklamidi, muone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa hapo sukari inaweza kushuka ghafla mchana.

Hatua 5: Siku unayoacha, andika namba nne

Uzito, kiuno, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na dozi ya mwisho. Hizi ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama pumziko linakula faida yako.

Mwenye kisukari aendelee kupima sukari, na asiache kabla ya kujua nini kinachukua nafasi ya sindano. Kwenye wiki ya pili na ya tatu sukari hupanda taratibu bila dalili yoyote, na mtu hujiona mzima.

Hatua 6: Jitayarishe kwa njaa

Wengi huniambia inarudi kati ya wiki ya pili na ya nne. Hairudi kwa kishindo. Unajikuta tu umesimama mbele ya sufuria saa nne usiku, wali umepoa, unakula kwa mwiko. Hapo watu hujilaumu kwamba hawana msimamo. Msimamo hauhusiki. Dawa iliyokuwa inapiga kelele "umeshiba" imenyamaza.

Utafiti unasema wazi. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi ya 2.4, watu walipungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walioendelea kufuatiliwa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilichopungua mwaka mmoja baada ya kuacha. Kwa tirzepataidi, waliobadilishiwa na kupewa sindano isiyo na dawa baada ya wiki 36 waliongezeka tena kama asilimia 14. Kwa hiyo anayekuambia upumzike miezi mitatu "ili uzito utulie" hajaziona namba hizi.

Unachoweza kufanya: weka protini kwanza kwenye sahani, maharage, mayai, samaki, dagaa, maziwa, kabla ya ugali kugusa mkono. Fanya mazoezi ya kunyanyua uzito mara mbili au tatu kwa wiki, hata kama ni dumu la lita 10, kwa sababu sehemu ya uzito uliopungua ilikuwa nyama ya mwili na hiyo unaihitaji. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile uliyokuwa ukichoma. Na weka mstari kabla: "nikiongezeka kilo 3 nakwenda kwa daktari." Uandike sasa, maana ukishaongezeka utausogeza.

Hatua 7: Hifadhi kalamu iliyobaki

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini imewaharibia watu dawa ya miezi. Kalamu mpya hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya boksi lake, katikati ya friji. Usiiweke kwenye friza, usiiegemeze kwenye ukuta wa nyuma unaotoa barafu, na mlangoni pia hapafai. Ozempic iliyoanza kutumika hukaa wiki 6 hadi 8 tu, kutegemea lebo ya nchi ilikotoka, na joto lisizidi nyuzi 30. Januari na Februari Dar au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kirahisi, kwa hiyo hapa kwetu hata iliyofunguliwa irudishe kwenye friji. Siku zinahesabiwa tangu ulipoifungua, hata kama ulipumzika katikati. Kalamu iliyofunguliwa Machi si ya kutumia Julai.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Tanga. Tumesalimiana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akatoa kwenye kikapu mfuko wa plastiki, ndani khanga, ndani ya khanga chupa ya maji iliyoganda, na kalamu imefungwa kwa mpira moja kwa moja kwenye chupa ile. "Nimeitunza, dokta, safari nzima iko kwenye barafu yake." Niliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa safi, haina rangi, haina chembe. Lakini kwenye kidirisha kulikuwa na povu refu ambalo halikuwepo wiki mbili nyuma, na ganda la nje lilikuwa bado na ukungu wa ubaridi. Kioevu kikiganda hutanuka, kikiyeyuka huacha nafasi ya hewa. Dawa iliyoganda hutupwa hata kama inaonekana nzima, kwa sababu mnyororo wa peptidi unaweza kuharibika bila macho kuona. Kumwambia yule mama vile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za wiki ile. Tangu siku hiyo kila anayesafiri namwonyesha kwa mikono: barafu, kisha taulo, kisha kalamu. Kwenye ndege iwe begi la mkononi, chini kwenye mizigo kunaweza kugandisha.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ukizidi saa kadhaa soma kipimajoto chako, andika namba, uje nayo dukani. Ukija na namba naweza kukusaidia. Ukija na "lilikatika kidogo tu" inabidi nikisie.

Hatua 8: Rudi kwa kushuka, si kwa kuruka

Hesabu sindano ulizokosa mfululizo.

Umekosa moja: fuata kanuni ya Hatua 3, endelea na dozi yako.

Umekosa mbili: wengi huendelea na dozi ile ile, lakini kama ulikuwa mtu wa kutapika kila unapopanda, piga simu kwanza.

Umekosa tatu au zaidi: usiguse dozi yako ya zamani. Rudi kwa daktari. Mara nyingi utaanzia chini tena, 0.25 kwa semaglutaidi au 2.5 kwa tirzepataidi, upande ngazi upya. Najua inauma kununua ngazi ambazo ulishazinunua. Lakini kumbuka hesabu ya nusu kila wiki: aliyekuwa kwenye 2.4 akakaa wiki 5 bila kuchoma, mwili wake uko karibu na wa mtu ambaye hajawahi kuchoma kabisa, na hakuna daktari anayemwanzishia mgeni na 2.4.

Kama ulipoacha daktari alikuongezea insulini au vidonge vya kisukari, mwambie kabla ya kurudi kwenye sindano ili avipunguze. Vyote vikikutana, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka.

Kabla ya kuchoma kalamu mpya au iliyokaa, geuza kitufe hadi alama ya kujaribu, elekeza sindano juu, bonyeza mpaka uone tone. Tone likikosekana, rudia. Ukishachoma, bakiza sindano ndani ya ngozi uhesabu taratibu mpaka sita baada ya namba kufika sifuri. Ukiitoa haraka, dawa inabaki kwenye ngozi ikitiririka, na wiki hiyo unakuwa umepumzika bila kujua.

Onyo moja kuhusu kununua wakati wa uhaba

Pumziko la kulazimishwa ndipo watu wanaponunua kwa mtu wa mtandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Huko Austria mwaka 2023 watu walilazwa sukari ikiwa imeshuka baada ya kutumia kalamu bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini ndani. Nunua kwenye duka lililosajiliwa. Tanzania msimamizi wa dawa ni TMDA, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board. Kataa kalamu ambayo lebo yake inabanduka, boksi lina makosa ya maandishi, au namba ya toleo ya boksi hailingani na ya kalamu.

Mambo yakienda kombo

*Natapika tangu niliporudi.* Kula kidogo kidogo, acha mafuta na pilipili, kunywa maji kwa kijiko kama huwezi kwa kikombe. Usichome inayofuata kabla ya kuongea na daktari. Ukipita siku nzima bila kushika maji wala kukojoa, nenda hospitali.

*Tumbo linauma juu katikati, maumivu yanakwenda mgongoni, hayaachi.* Hii si ya kusubiri. Inaweza kuwa kongosho. Acha sindano, nenda leo, wataje dawa unayotumia. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, na macho kuwa ya njano, pia nenda. Mawe ya nyongo huwapata baadhi ya wanaopungua haraka.

*Sipati choo.* Maji, papai, mboga, kutembea. Ikishindikana, dawa ya kulainisha ipo dukani, lakini siku 4 au 5 pamoja na tumbo kujaa na kutapika ni suala la daktari.

*Nimerudi wiki ya tatu na sioni kitu.* Uko kwenye 0.25. Ngazi hiyo ni ya kulizoesha tumbo, haikuwekwa ili ikupunguze. Subiri ngazi zake.

*Uzito umesimama, nipumzike ili dawa ipate nguvu tena?* Hapana. Kusimama huja kwa kila mtu, dawa ikiwa bado inafanya kazi ya kukuzuia kurudi juu. Ukiacha utaiona kazi hiyo kwa mizani. Angalia chakula, usingizi na mazoezi, na muulize daktari kuhusu dozi.

*Kuna uvimbe mgumu nilipochoma.* Unachoma sehemu moja kila wiki. Zunguka: tumbo mbali kidogo na kitovu, paja la kulia, paja la kushoto, nyuma ya mkono.

*Sikumbuki kama Ijumaa nilichoma au sikuchoma.* Tazama daftari. Kama halina kitu, hesabu sindano zilizotumika kwenye chupa yako ya plastiki, kisha linganisha na idadi uliyonunua. Bado huna uhakika? Usichome. Subiri Ijumaa ijayo, kisha choma ukiwa umeishika kalamu ya kuandikia kwa mkono wa pili.